Fundi wa Cherehani na Jibu Nililompa

Kaka yangu mpendwa alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, kifungua mimba wa baba mshona viatu na mama mkunga. Wengi mlimwita Mafuta, maana kikopo cha mafuta ya cherehani hakikumtoka mfukoni.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1975, akaacha masomo ili mimi, mdogo wake, nisome. Nikawa mwalimu.

Mwaka 1980 alifungua kibanda cha kutengeneza cherehani nyuma ya soko. Mteja akilalamika alimwambia, "Mashine haina kiburi, mama. Kiburi kiko kwa anayeikanyaga." Mwaka 1986 alimwoa mshonaji aliyemletea cherehani moja mara tano, na ilikuwa nzima kabisa.

Januari 2023 chakula kilianza kumkwama kooni. Kipimo kilionyesha saratani ya umio, bado changa. Daktari alishauri upasuaji wa roboti, kupitia matundu madogo, bila kupasua kifua. Alieleza mengi. Mimi msomi wa familia sikuelewa hata nusu, nikaona haya kuuliza, nikawa natikisa kichwa tu. Tulipotoka, kaka aliniuliza, "Hiyo roboti inaendeshwa na nani?" Nikamjibu bila kupepesa macho, "Inajiendesha yenyewe." Kaka hakuamini mashine isiyo na mtu. Akakataa.

Miezi saba baadaye muuguzi alitueleza kwamba daktari hukaa palepale chumbani, na mikono ya roboti hufuata mikono yake. Wakati huo saratani ilikuwa imeshafika kwenye ini. Kaka alinitazama, akasema, "Si ungeuliza tu, bwana mdogo."

Nyumbani aliwaambia wote kuwa alikataa kwa woga. Mkewe alimlaumu kwa hilo mpaka mwisho: "Umeamua kuniacha kwa kuogopa kisu?" Mimi nilikuwepo, nikanywa chai yangu kimya. Naona aibu hata kulisoma hili mbele yenu.

Alifariki Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu wanne, na mimi. Shemeji, kaka hakuogopa. Aliniamini. Usimzike na kinyongo. Kinyongo hicho ni changu, nipe mimi.

Yeye apumzike kwa amani.