Vigingi Nilivyovirudisha kwa Kukisia

Ndugu zangu, jambo hili sijawahi kulisema mbele ya watu wengi. Nilitoka Meru, nikapitia Mwea kwenye mpunga, Thika kwenye mananasi, kila mahali miezi michache. Mwishoni mwa miaka ya tisini nikafika Kitengela, nikaandikwa kutunza shamba la kujaribu viazi vya chipsi.

Aina zilikuwa sita, kila moja na mstari wake na kigingi chenye namba. Kwetu viazi vimezoea baridi. Hapa ni jua na udongo mweusi. Ilitakiwa ijulikane ni aina gani ingestahimili, maana kiazi kilichoteswa na joto hujaa sukari, na ukikikaanga kinageuka kahawia. Hoteli hazikitaki.

Karibu na kuvuna, kondoo wa jirani wakaingia wakang'oa vigingi. Mzee mwenye kondoo akaja kuomba radhi, akauliza kama kuna hasara. Nikasema hakuna. Nikavirudisha kwa kukisia. Nawaambia, kazi yenyewe haikuchukua hata dakika kumi.

Namba nne ikakaangika vizuri kuliko zote. Afisa wetu wa kilimo, dada mmoja mpole, akaiandika, na majirani wakaletewa mbegu ya nne. Mjane mmoja kutoka Machakos, aliyekodi shamba karibu nami, akapanda hiyo peke yake. Alivuna viazi vikubwa, lakini vilipokaangwa vikawa kama vimeungua. Mnunuzi akamrudishia magunia yote.

Watu wakasema alimwagilia maji mengi. Akakubali. Mimi nilijua, nikanyamaza, nikaanza kunywa pombe. Msimu uliofuata akapunguza maji hadi mimea ikalala, na bado vikatoka kahawia.

Siku moja akanijia. "Mwalimu," ndivyo alivyoniita kwa sababu nilifika kidato cha nne, "nifundishe. Niko na msimu mmoja tu kabla mwenye shamba hajalichukua. Mkono wangu unaharibu."

Hapo nikashindwa kuficha. Nikamweleza habari za kondoo na vigingi. Hakupaza sauti.

"Na ulikuwa unaniona nikijilaumu?"

Nikasema ndiyo.

Kesho yake nilienda kwa afisa. Nilitarajia kufukuzwa; badala yake akanipa karatasi nichore ramani ya mistari, tukapanda upya zote sita. Namshukuru mpaka leo, na ninyi wa kikundi hiki mlionipokea nikiwa bado nanuka pombe. Kosa langu la kwanza lilikuwa dogo, ndugu zangu. Kubwa ni kumwacha mtu mwingine alibebe. Ukikosea, sema kabla hajaanza kuamini ni lake.

Tulipovuna, nzuri ilikuwa namba mbili. Yule mama alikuwa ameshanyang'anywa shamba, anafua nguo za watu huko Tuala. Siku niliyoondoka Kitengela kabisa nilipitia kwake nikamwambia.

Akainua mikono kutoka kwenye povu, akaitazama.

"Kumbe haikuwa mikono hii," akasema.

Akarudi kufua. Sikuambiwa karibu wala kwaheri. Nikachukua mfuko wangu nikaenda.