Malkia Adelgunde na Kiti cha Bwana Harusi

Ndugu waombolezaji, mimi Balthasar, binamu yake, nimekabidhiwa na familia maisha ya mpendwa wetu Malkia Adelgunde niwasomee, nami nitayasoma kama yalivyokuwa, maana aliyelala hapa mbele hakupenda kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1741 katika kasri la Werrastein, Ujerumani, akafuatiwa na mdogo wake wa pekee, Leberecht, aliyeketi benchi la mbele. Alisomeshwa nyumbani na mchungaji wetu, akajua Kifaransa, kinanda na Katekisimu, na Leberecht alikuwa akimshinda kwa hesabu, na kwa mbio pia.

Tarehe 9 Septemba 1759 aliolewa na Mfalme wa Stenmark katika kanisa la Werrastein, naye Mfalme, kama ilivyo desturi ya wakuu, hakuja, alituma upanga wake, na ndugu wa bibi harusi akaombwa kusimama badala yake, basi Leberecht, kijana wa miaka kumi na sita, akaushika upanga ule, akamvika dada yake pete na kula kiapo cha mume, huku sisi binamu tukiuma midomo tusicheke. Adelgunde alimnong'oneza, "Usitetemeke, mdogo wangu, mwenyewe atakuja akupokee." Masikini, aliamini.

Alipofika Stenmark baada ya majuma matatu ya barabara mbovu, Mfalme alikuwa mawindoni, na alipoomba wasimame wawili kanisani, hata siku moja tu, watu wawaone, alijibiwa kwamba ndoa haifungwi mara mbili. Aliifanya kazi ya umalkia miaka thelathini, akapokea mabalozi, akatunza nyumba ya yatima, akala chakula kando ya kiti kitupu, kwa kuwa Mfalme alikuwa na nyumba nyingine yenye bibi mwingine, na msiinamishe vichwa, nyote mnajua.

Walijaliwa mtoto mmoja, Ulrike, aliyezaliwa tarehe 20 Juni 1762 na kuozwa ugenini tarehe 2 Mei 1779, na mama yake alipiga magoti akiomba bwana harusi aje mwenyewe, lakini ukaja upanga. "Mama, unalia nini, si desturi tu?" Ulrike alisema, akapanda gari, akafa kwa uzazi mwaka uliofuata, hawakuonana tena.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 1788. Kila jioni aliagiza kiti kiwekwe kando ya kitanda, na tarehe 11 Januari 1790, alfajiri, aliuliza, "Amefika?" Mjakazi akajibu, "Bado, Mama." Akasema, "Haya, basi atakuja kanisani, huko hana budi," akakata roho.

Familia inamshukuru daktari aliyekesha naye, wajakazi wake, walezi wenzake wa nyumba ya yatima, na majirani wa kasri waliotuletea supu na kuni katika theluji hii.

Kiti mnachokiona karibu na jeneza tulimwekea Mfalme. Asubuhi hii ametuma mjumbe, anasema wafalme hawahudhurii mazishi, na anamwomba Leberecht afuate jeneza badala yake, na upanga ni ule ule.

Leberecht, simama, ndugu yangu, chukua nafasi yako. Adelgunde, dada yetu, pumzika kwa amani, usimngoje tena.