Hema la Wawili

Basi lilikuwa linakaribia lango la hifadhi. Mbele yangu waliketi mzee na mkewe, safari yao ni kupiga kambi porini, kando ya korongo. Nilifumba macho kama mtu aliyesinzia, lakini masikio hayana kope.

"Baba Pacha, nilikutuma ukodi mahema mawili," mama alianza. "Mimi nikasikia hema la wawili," akajibu mzee. "Una masikio ya kuchagua wewe! Miaka yote nalala chumba cha wajukuu kwa ajili ya mkoromo wako, leo unifungie nao ndani ya turubai?"

"Huko kuna fisi, mke wangu." "Fisi wakikusikia watahama hifadhi!"

Mzee akacheka, kisha akainamia kofia yake mapajani. "Wajukuu wameshaondoka, na bado hujarudi chumbani. Nilidhani labda huku porini utapotea njia, uangukie kwangu."

Nikakohoa. Vumbi hilo, msinifikirie vingine.

Basi likasimama. Mama akamnyooshea mumewe kola, taratibu. "Shuka ukaulize kama wana hema la pili," akasema. "Na wakikuambia hakuna, usibishane nao."