Aliumwa, na Alipiga Kodiani

Ndugu wafiwa, majirani na nyote mliofika, familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, na imeniomba niwe mpole, nitajaribu.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mama Kodiani, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akamaliza sekondari mwaka 1978, ambako mwalimu wa muziki alimwachia kodiani yenye vibonye viwili vilivyokufa, akazoea kuviruka, hata alipopata kodiani nzima akaendelea kuviruka, nasi watoto tukadhani nyimbo ndivyo zilivyotungwa.

Tarehe 2 Juni 1980 aliajiriwa karani wa masjala katika idara ya maji, na tarehe 17 Desemba 1983 aliolewa na fundi seremala aliyekuja mara nne kutengeneza kabati la mafaili, ilhali bawaba mbovu ilikuwa moja tu, wakajaliwa binti mwaka 1985 na mwana mwaka 1988.

Baridi yabisi ilimwanza Agosti 1989, ikashika vidole, magoti na mabega, haikumwacha tena, na siku ambazo vidole viligoma alifungiwa brashi mkononi kwa bandeji, akachora kuku wa jirani kwa rangi ya bluu, na jirani alipolalamika alimjibu, "Wafundishe kutulia, shoga yangu, nami nitapata muda wa kutazama rangi."

Hapa mnivumilie. Mwaka 1997 mfanyakazi mwenzake alimwona harusini akipiga kodiani, akamshtaki kwamba ruhusa yake ya kazi nyepesi ni ya uongo, shangazi akaitwa mbele ya jopo la idara tarehe 9 Septemba, akatakiwa achague moja, anaumwa au anapiga muziki, kana kwamba mwenye maumivu lazima atembee na uso wa huzuni kama kitambulisho. Shangazi hakubishana, alivaa kodiani, akapiga wimbo mzima, mwenyekiti akijisahau na kugonga mdundo kwa kalamu, kisha shangazi akasema, "Waheshimiwa, sasa nivueni, mabega hayanyanyuki," ikachukua watu wawili kumvua, naye akicheka huku machozi yanamtoka, na ruhusa ile haikuguswa tena hadi alipostaafu tarehe 14 Machi 2021.

Figo zilidhoofika Mei 2025, akalazwa tarehe 27 Oktoba, akawagawa wagonjwa wenzake sauti ya kwanza na ya pili, na muuguzi alipomwambia, "Bibi, hapa ni wodini," akajibu, "Ndiyo maana tunaimba polepole, mjukuu wangu." Alifariki Alhamisi tarehe 6 Novemba, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliovumilia mazoezi yake, na wafanyakazi wenzake wote, hata yule mshtaki, ambaye yumo humu, shangazi alishamsamehe, mimi bado niko njiani.

Wazee wangu waliniandikia nisome kwamba aliteseka miaka thelathini na sita, nisameheni, nimefuta, kwa sababu aliumwa miaka thelathini na sita na akafurahi miaka hiyo hiyo, na hata leo, akiwa hawezi kujibu, hakuna atakayemchagulia moja.

Pumzika kwa amani, shangazi, na wa huko wakisema unapiga kelele, watazoea.