Makosa Arobaini na Matatu ya Chumba cha Nyuma

Mgeni rasmi, Afisa Elimu wetu. Ndugu Mkaguzi uliyeketi safu ya pili. Wazazi, walezi, mafundi majirani, na nyinyi watoto mliokaa sakafuni mkijifanya hamsukumani:

KARIBU NDANI

Sisi wanafunzi, walezi na walimu wa kujitolea wa Chumba cha Nyuma tunakukaribisha kwa mikono miwili. Utuwie radhi kwa mlango. Hapa kila mtu huinama akiingia, hata fundi mchomeleaji aliyeutengeneza, ambaye mpaka leo anaapa kwamba mlango uko sawa, ukuta ndio uliokosea kipimo.

Tunajua hukuja kututembelea tu. Siku kumi na tatu zilizopita tulipata barua inayotutaka tufunge ndani ya siku kumi na nne, isipokuwa wewe uamue vingine. Kesho ndiyo ya kumi na nne. Kwa hiyo hatutauma maneno.

TULIKOANZIA

Miaka tisa iliyopita Dada Fundi, mshonaji wa duka la hapo mbele, alikuwa akitafuta bitana kwenye gunia la vitambaa. Akakuta daftari la hesabu la mdogo wake, limejaa wino mwekundu.

"Hili limefuata nini humu?"

"Limeanguka, dada."

"Limeanguka, halafu likajifunika vitambaa vinne?"

Hakumchapa. Alimwambia, "Mimi nikikosea mshono, gauni silifichi kabatini. Nalitundika nilione, nafumua, nashona upya. Wewe ukificha, utafumua saa ngapi?" Akachana ukurasa, akaubandika kwenye ukuta wa chumba hiki kwa pini za kushonea. Jioni watoto wa majirani walikuja kuucheka. Mmoja akausogelea, akasema, "Mbona na mimi nina kosa hilohilo?"

Walianza wawili, wakawa kumi na mmoja. Leo tuko sitini na wanane. Mdogo mtu yule ndiye anayekusomea risala hii. Sasa ni mwalimu wa kujitolea, na pia ni mshairi aliyejifunza mwenyewe, jambo ambalo kamati yetu ya kituo imeruhusu litajwe mara moja tu.

KAZI YETU

Mgeni rasmi, geuka kidogo uutazame ukuta ulio nyuma yako. Umepakwa rangi nyeusi kutoka sakafuni mpaka anapofika mtoto aliyesimama juu ya benchi. Mtoto akikosa swali hapa, au akirudi na kosa kutoka shuleni, hachekwi. Hupewa chaki, akaliandika kosa lake kubwa kubwa, na wenzake humpigia makofi kwa kulileta mbele za watu. Kosa hilo halifutwi mpaka mwenyewe awaeleze watu watatu, mmoja mmoja, kwa nini ni kosa. Wakishaelewa wote watatu, hulifuta kwa mkono wake, na hapo ndipo vigelegele hupasua bati.

Sheria hii haina umri. Bibi mmoja, muuza mitumba, alikuwa akija kumchukua mjukuu wake na kumsubiri mlangoni. Siku moja aliomba chaki, akamtuma mjukuu amwandikie: "Nilidhani kusoma ni kwa wenye macho mazuri." Miezi saba baadaye alilifuta mwenyewe, miwani puani, na vigelegele alipiga yeye kuliko wote.

Muhula uliopita tulifuta makosa mia mbili na sita. Mwalimu mmoja wa shule wanakosoma watoto wetu alikuja hapa kutuuliza, "Mnawapa nini hawa? Zamani nikiuliza swali wanaangalia viatu. Siku hizi mikono inanyooshwa hata kabla sijamaliza kuuliza." Tukamjibu kwamba tunawapa chaki.

KILICHOTUPATA

Mwezi uliopita ndugu Mkaguzi alifika bila taarifa, kama inavyotakiwa. Ripoti yake ina mambo mawili.

La kwanza ni makelele. Aliyelalamika ni jirani yetu fundi mchomeleaji. Ndiyo, huyu huyu mwenye nyundo na jenereta! Tulipomfuata alisema, "Mimi makelele yangu yana mpangilio. Nyinyi mnalipuka tu, nashtuka, nondo inapinda." Tukakubaliana: kabla ya vigelegele tunagonga kengele mara moja, naye anashusha nyundo. Siku hizi akisikia kengele huja mlangoni kupiga makofi. Jambo hilo limekwisha.

La pili ndilo zito. Imeandikwa kwamba kituo hiki kinawafundisha watoto uongo. Ndugu Mkaguzi aliingia, akaona ukuta, akamwuliza binti wa miaka tisa tunayemwita Kifutio, kwa sababu hakuna aliyefuta makosa mengi kumshinda.

"Saba mara nane ni hamsini na nne? Nani kaandika?"

"Mimi, mjomba."

"Mwalimu wako kaona?"

"Kaona, kanipigia makofi."

Mgeni rasmi, ungekuwa wewe ungeandika nini? Naye aliandika hivyo hivyo: walimu huwapongeza watoto kwa majibu yasiyo sahihi. Akahesabu makosa yote ukutani, akapata arobaini na moja.

Tunaomba ruhusa ya kusahihisha hapo. Yalikuwa arobaini na matatu. Mawili yalimpita. Moja linasema popo ni ndege. La pili linasema kumi ukiigawa kwa nusu unapata tano. Hatusemi haya kumcheka, na wale mnaocheka sakafuni tunawaona. Tunayasema kwa sababu wiki iliyopita alirudi kwa hiari yake, jioni, bila faili, akamwuliza Kifutio kwa nini si tano. Kifutio alikata mikate kumi ya karatasi nusu nusu, akamwambia, "Hesabu vipande, mjomba." Ndugu Mkaguzi alihesabu mpaka ishirini, akakaa kwenye benchi, akacheka peke yake kwa muda mrefu. Leo yuko hapa. Tunamheshimu.

KOSA LETU

Lakini ripoti ilikwisha kwenda, na barua ikaja, na hapa lazima tuseme kweli. Siku ile ndugu Mkaguzi alimwuliza mwalimu wa zamu, kwa adabu kabisa, "Huu ukuta ni wa nini?" Swali hilo lilihitaji jibu la dakika mbili. Mwalimu wa zamu alikuwa ndiye msomaji huyu. Aliona amedharauliwa mbele ya watoto, akapandisha mabega, akajibu kwa ubeti ulioanza hivi:

"Una kalamu na wino, ukuta hujausoma."

Mistari mitatu iliyofuata kamati imeizuia.

Ndugu Mkaguzi akafunga daftari, akaondoka. Dada Fundi alikuwa ameenda kumpima mteja. Aliporudi na kusikia habari, hakugomba. Alimpa mdogo wake chaki. Ndiyo maana leo ukutani kuna kosa la arobaini na nne, chini kabisa, karibu na mlango: "Niliulizwa, nikajibu kwa kiburi." Na kwa kuwa sheria ni ya wote, mwenye kosa alitakiwa awaeleze watu watatu. Wa kwanza alikuwa Dada Fundi. Wa pili alikuwa ndugu Mkaguzi, aliyesikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Ubeti wenyewe haukuwa mbaya."

Kamati iliruhusu ubeti mwingine mmoja, huu hapa:

Kosa tumeliandika, ukutani hadharani,
Hatukutaka kuzika, aibu zetu moyoni,
Siku likieleweka, tunalifuta jamani,
Mlango ukifungika, tutamueleza nani?

MAOMBI YETU

Tunaomba mbao nne nyepesi za kuandikia, maana ukuta umejaa na wadogo wanaandika wakiwa wamelala kifudifudi. Tunaomba mwalimu mmoja wa sayansi, hata mara moja kwa wiki. Habari ya popo imetugawa makundi mawili.

Na tunaomba barua ile iondolewe. Tumeshaandika juu ya ukuta, kwa rangi isiyofutika, "HAYA NI MAKOSA YETU, TUNAYAFANYIA KAZI," ili atakayeingia kesho asihitaji kuuliza. Kando ya kosa la arobaini na nne tumeacha nafasi moja wazi. Ukipenda, liandike lako la utotoni. Tutakupigia makofi kama mtoto mwingine yeyote. Tunachoomba ni kwamba la arobaini na tano lisiwe kufungwa kwa chumba hiki.

Mgeni rasmi, mtu wa tatu ni wewe. Umesikiliza maelezo yote. Kama umeelewa, itikia kwa kichwa tu, msomaji huyu akafute lake. Kifutio ameshika kengele, na fundi hapo nje ameshashusha nyundo.

Mungu akupe macho ya kuona na moyo wa kusamehe, akulindie wako kama unavyowalinda wetu, na akurudishe hapa ukiinama mlangoni mara nyingi.

Ni sisi,
Wanafunzi, Walezi na Walimu wa Kujitolea,
Chumba cha Nyuma