Mwalimu Wanza, Aliyekatiwa Hewa Tukimwombea

Wapendwa waombolezaji, haya ni maisha ya mama yangu, Mwalimu Philomena Wanza Kitonga, nami ninayeyasoma ni kifungua mimba wake, Kavindu. Baba mdogo Muindi, ndugu wa marehemu baba yetu na mzee wa kanisa, alikuwa ameandika wasifu mwingine. Wake ulisema kwamba marehemu "alilala kwa amani huku akiombewa." Juzi nilimtangulia kwa mpiga chapa mjini Machakos, nikautoa huo nikaweka huu. Baba mdogo, naona umeanza kufunua ukurasa wa mwisho. Tulia, tutafika pamoja.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961 hapa Mitaboni, Kathiani, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Nzioka na mkewe Mbithe. Babu alikuwa fundi wa kaluvu, ile pombe yetu ya asali. Alikuwa akitia tunda la muatine, lenye hamira ya kuchachusha, kwenye kibuyu cha asali na maji, anaziba mdomo na kukiweka karibu na moto. Wanza akiwa na miaka saba aliondoa kizibo ili aone ni nani anayechemka mle ndani, kisha akasahau kukirudisha. Kaluvu yote ikawa siki, na wazee walikuwa wamekwisha kualikwa. Babu alimchapa huku akisema, "Mwana wakwa, mwanangu, hii kitu haitaki hewa!" Mama alizoea kusema kwamba somo lake la kwanza la baiolojia aliingiziwa kupitia makalio.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, akafanya mtihani wa CPE mwaka 1974, akamaliza kidato cha nne mwaka 1978 na cha sita mwaka 1980. Ilikuwa kidato cha pili alipoelewa kilichotokea kibuyuni. Hamira ni seli hai, na seli yoyote lazima ipate nguvu kutoka kwenye sukari. Ikipata oksijeni huichoma sukari hadi mwisho, hakibaki kitu ila maji na hewa chafu. Ikiikosa, huivunja sukari nusunusu, ikapata nguvu kidogo tu na kuacha pombe. Na pombe yenyewe ikiingiwa na hewa, vijidudu vingine huigeuza siki. Alirudi nyumbani kumweleza babu. Babu akamwambia aende akachote maji. Mwaka 1985 alihitimu shahada ya ualimu.

Kuanzia Januari 1986 hadi alipostaafu Machi 2021 alifundisha baiolojia, kwanza Tala, halafu Kathiani. Wengi wenu hapa mlipita mikononi mwake, kwa hiyo sitawadanganya kwamba alikuwa mpole. Ulimi wake ulikuwa wembe. Kila mwaka alisimamisha kidato cha tatu kizima, mikono juu, akawaamuru wafumbe na kufumbua ngumi mpaka waanze kulia. "Mnasikia moto? Hapo misuli imeishiwa oksijeni. Inaendelea kwa njia ya mkato, na takataka yake ni asidi. Sukari moja yenye oksijeni inakupa nguvu thelathini na nane. Bila oksijeni, mbili. Mbili! Kama alama za Muema." Muema huyo, ambaye leo ni daktari na ameketi pale mbele, aliuliza kama ubongo nao unaweza kujikaza kwa hizo mbili. Mama akamjibu, "Msuli ni punda, utampiga na atasonga. Ubongo ni mgeni wa heshima. Ukimnyima, anaondoka bila kuaga." Miaka ya baadaye vitabu vipya vilisema hesabu sahihi ni kama thelathini tu. Mama alisema waandishi wake ni wachoyo.

Alifunga ndoa na Kitonga tarehe 10 Desemba 1988. Baba alikuwa akifanya kazi Athi River, na siku ya kumposa alipanda kilima chetu mbiombio akafika akihema. Alipofungua kinywa, Mama alimzuia: "Ngoja kwanza upate hewa. Sitaki kuposwa na mtu ambaye ubongo wake una njaa." Baba alingoja robo saa nzima, ameketi kwenye jiwe. Walijaliwa watoto wawili, mimi na Mutuku. Baba alifariki mwaka 2012, na tangu hapo baba mdogo Muindi akawa msemaji wa mji huu. Alisemea kila kitu, hata yale ambayo hakuulizwa.

Mwezi Mei 2023 Mama alianza kuishiwa pumzi akifagia. Daktari alimwambia mapafu yake yanakakamaa na hayatalegea tena. Kufikia Juni mwaka huu alikuwa hawezi kuishi bila mashine ya oksijeni, ile mliyoiona pale sebuleni, inayonguruma kama posho mill ya kusagia mahindi, na mrija wake puani. Wageni walipomletea matunda na kumwambia ale apate nguvu, aliwachukia. "Chakula ninacho. Kilichopungua ni hewa ya kukichomea. Ukijaza makaa kwenye jiko na kuziba mlango wake, utapika nini?" Mimi niliacha kazi nikaja kumtunza. Alinitukana kila siku, nami kila siku nilifurahi kutukanwa, maana kutukana kunahitaji pumzi.

Sasa tumefika, baba mdogo. Jumamosi tarehe 8 Novemba 2025, saa kumi alasiri, baba mdogo alileta watu kumi na mmoja wa kanisa kumwombea. Mashine ilikuwa ikinguruma. Aliniambia, "Kavindu, punguza hiyo kitu, watu hawasikii." Nikamjibu haipunguzwi, nikaenda jikoni kuwapikia chai. Kilichofuata nimeelezwa na dada Ndila, mmoja wa waumini hao, aliyekuwa ameketi miguuni pa kitanda cha Mama pale sebuleni na ambaye amelia nami kila siku tangu hapo. Baba mdogo alisema, "Wacha nizime kidogo tu. Maombi haiwezi kushindana na injini." Akachomoa waya ukutani. Mama akainua mkono. Wote wakadhani anamsifu Mungu, wakapaza sauti, "Amina, Mwalimu! Amina!" Akainua tena, wakapiga makofi.

Mimi jikoni nilisikia kimya. Nilidhani stima imepotea, lakini taa ilikuwa inawaka. Nikakimbia hadi mlango wa sebule. Wote walikuwa wamefumba macho, na baba mdogo alikuwa ndiye anayeomba. Mnajua tulivyolelewa. Mzee akiomba, mtoto hapiti, hasemi, hakohoi. Heshima si utumwa, lakini siku hiyo mimi nilikuwa mtumwa. Niliwaza kwamba anakaribia kumaliza. Mama hakuwa amefumba macho. Alikuwa ananitazama mimi, na midomo yake ilikuwa imegeuka samawati. Nilipata alama ya A katika baiolojia, kwa mwalimu huyo huyo. Nilijua kilichokuwa kinatendeka katika kila seli yake na nilijua dakika zinazohitajika. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu. Nilisimama dakika tisa.

Baba mdogo aliombea wagonjwa wote wa Kathiani, kisha mvua, kisha serikali. Aliposema Amina nilirudisha waya, na mashine ikanguruma vizuri sana. Saa kumi na dakika arobaini Mama alikuwa amekwisha. Baba mdogo alimfumba macho akawaambia wageni, "Mmeona? Amengoja maombi yaishe ndio aende." Wakaimba. Chai yangu waliinywa.

Watakaosema leo kwamba ilikuwa mapenzi ya Mungu, ninawaomba wasiseme karibu nami. Mungu hakugusa ule waya.

Marehemu ameacha mwanawe Mutuku, ambaye siku hiyo alikuwa kazini Athi River na hana kosa lolote. Ameacha wajukuu watatu, dada yake Kamanthe, na wanafunzi wasiohesabika kutoka Tala hadi Kathiani. Ameacha shemeji mmoja, Muindi, aliyekuwa akiomba. Ameacha binti mmoja, Kavindu, aliyekuwa mlangoni.

Mwenyezi Mungu ampokee Mama na kumpa raha. Mimi na baba mdogo, asifanye haraka kutusamehe.