Nyuso Zilizofutwa na Mvua

Ndani ya tramu ya jiji la Sofia, Mzee Metodi alikuwa akipeleka picha zake klabuni kwa wapiga picha, akiwa na wasiwasi, maana mwaka jana wenzake walizicheka. Zote zilikuwa za matangazo ya misiba yenye sura za marehemu, yaliyobandikwa milangoni mwa wafiwa, mvua imekwisha kuzifuta nyuso. Mama mmoja mwenye mfuko wa vitunguu, jirani yake kitini, hakuacha kuchungulia.

"Mzee wangu, unapiga picha maiti?"

"Karatasi tu, dada. Niambie kweli, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Akazipitia polepole, kama anayechambua mchele. "Hizi umezisogelea mno. Naona karatasi, simwoni mfiwa. Lakini hii?"

"Hiyo imeharibika. Mwanamke mwenye nyumba alifungua mlango nikibofya. Ametoka ukungu mtupu, na mkate kwapani."

"Basi hii ndiyo inaniuliza swali! Anapitaje mlangoni hapo kila siku?"

"Sikumwuliza."

"Mtu mzima, unazunguka milango ya watu bila hodi!" Nyuma, abiria wakakohoa kicheko.

Tramu ikasimama. Metodi akashuka, ile picha mbovu mkononi. Klabu ilikuwa kushoto, mlango wa yule mwanamke wa mkate kulia. Tramu iliondoka angali amesimama.